Kwa Nini Mboga za Pori Haziitiki Hodi

Wekeni vikapu chini. Na wewe mwenye mfuko wa plastiki uweke pia, ingawa mboga ndani ya plastiki huanza kuiva kabla haijafika jikoni. Hatushuki bondeni sasa hivi. Najua jua linapanda, na najua mmepanda huku kutoka mjini ili niwaonyeshe mnavu ulipo, hamkuja kusikiliza hadithi. Lakini mimi simfundishi mtu kuchuma kabla hajajua tulichokipoteza. Bibi yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na bibi yake, na kila mmoja wetu ilipofika zamu yake ya kusimulia alisimulia kwa aibu, kwa sababu aliyekosa alikuwa wa kwetu.

Kulikuwa na wakati ambapo mboga za pori zilisema. Sisemi kwamba zilipiga soga kama nyinyi mlivyokuwa mkipiga njia nzima tangu daraja la reli. Zingeweza, wazee walisema, lakini hazikuwa na haja. Maneno mawili yalizitosha. Mchumaji alipoufikia mnavu, au mchunga, au mlenda, alisimama hatua mbili kabla ya kuugusa, akabisha hodi. Mmea uliokuwa mzima na udongo wake safi uliitika: "Karibu." Uliokuwa mchanga bado uliitika: "Kesho." Na mmea wenye sumu tangu kuumbwa kwake, au uliokunywa kitu kibaya, haukuitika kabisa. Mchumaji alibisha hodi mara tatu, na asipojibiwa aligeuka akaenda zake, kama anavyofanya mtu mwenye adabu kwenye mlango wa nyumba.

Nawaonea wivu watu wale. Hata kipofu aliweza kuchuma. Mtoto aliyetumwa mboga alirudi na mboga, hakurudi na majani ya kuua ukoo mzima. Hakuna aliyelazimika kulikagua jani mbele na nyuma, kuuliza mto unatoka wapi, wala kuwaza ni nani aliyemwaga nini mahali hapa mwaka juzi. Walisikia "karibu" wakachuma.

Na kulikuwa na desturi nyingine, hiyo ya majumbani. Mtu alipobisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe ametoka, jirani aliyekuwa karibu alimwitikia kwa niaba yake. "Karibu!" alisema kutoka upande wa pili wa ua, na mgeni aliingia, akapewa maji ya kunywa na kigoda, akasubiri. Watu wetu walijivunia jambo hilo. Walisema kwamba kwao hakuna mlango usio na mtu. Ulikuwa ukarimu wa kweli, wala siudharau, lakini ndio uliotuponza.

Mji ulipoanza kukua kule chini mtoni, watu wake walizipenda mboga zetu. Walitupa chumvi, walitupa sabuni na kanga. Sisi tuliokuwa tukichuma za kula tukaanza kuchuma za kupeleka. Mwanzoni tulikata ncha tukaacha shina lichipue, kama ilivyokuwa siku zote. Baadaye mtu mmoja akagundua kwamba ukiung'oa mmea mzima na mizizi yake, fungu linaonekana kubwa na kazi inaisha upesi. Wa pili akamwiga, kisha wote. Na mboga, maskini, ziliendelea kuitika. Tulibisha hodi zikasema karibu, tukaingia tukang'oa mpaka mwenye nyumba. Haikupita misimu mingi kabla mgongo wa mlima huu haujabaki na mawe na vumbi.

Mchumaji hodari kuliko wote alikuwa mwanamke aliyeitwa Semeni. Alikuwa mwepesi wa mikono na mwepesi wa ulimi. Aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote: akitaka alikuwa jumbe anayetoa amri, akitaka alikuwa mkwewe anayelalamikia pilipili, na wachumaji wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Mumewe alikuwa amekwisha kufa. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti, jina lake Mwanamvua.

Mwanamvua alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Ya tatu ilifika salama, akajifungua mtoto wa kike katikati ya kiangazi kikali. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini, na kila siku hupewa mchuzi wa mnavu ili damu irudi na maziwa yajae. Kuutafuta mnavu huo ni kazi ya mama yake mzazi, hamwachii mtu mwingine. Kwa hiyo Semeni, aliyekuwa ameng'oa mnavu wa mlima mzima na kuupeleka mjini, sasa aliutafuta kwa ajili ya mwanawe na hakuupata. Siku za kwanza aliokota majani mawili matatu kwenye kivuli cha mawe. Siku ya kumi na mbili alirudi mikono mitupu, na usiku ule alimsikia mjukuu wake akilia kwa sababu maziwa hayatoki.

Asubuhi yake alishuka bondeni, mahali ambapo wachumaji hawakuwa wakienda tena. Mafundi ngozi wa mjini walikuwa wamechimba mashimo yao juu ya kijito, ya kulowekea ngozi katika chokaa na dawa zao, na maji ya mashimo yale yaliteremka hadi huko. Semeni alikuta mnavu umesimama hadi kiunoni. Kila mahali palikuwa pamekauka, lakini pale majani yalikuwa mapana na meusi kwa unono. Harufu ilimfikia pia. Pua yake ilimwambia, bibi yangu alikuwa akisisitiza hapo, pua ilimwambia.

Alibisha hodi. Hakuna kilichoitika. Akabisha ya pili, kisha ya tatu, na bonde lote lilikuwa kimya, mimea elfu nzima isiyosema neno. Kwa adabu ya kwetu alipaswa kugeuka. Hakugeuka. Alikaa juu ya jiwe akabisha hodi ya nne, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya, akangoja. Alimfikiria Mwanamvua. Akajiambia kwamba labda mboga hizi zimelala kwa joto. Akajiambia kwamba nyumba ikiwa kimya si lazima iwe na ubaya, huenda mwenyewe katoka tu, na mwenyewe akitoka jirani humwitikia. Na nani alikuwa jirani wa mboga kuliko yeye, aliyeishi nazo tangu utoto?

Basi Semeni aliibana sauti yake, akaifanya nyembamba kama ya mnavu, akajijibu mwenyewe: "Karibu." Kisha akacheka. Kicheko kile kilimuuma bibi yangu kuliko yote. Semeni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama aliyekwama, aliyepata njia, na njia yenyewe ikamchekesha.

Alichuma kikapu kikajaa. Nyumbani aliuosha mnavu katika maji matatu, akauchemsha, akamwaga maji ya kwanza, akauchemsha tena. Kazi yote hiyo iliosha kilichokuwa juu ya majani. Kilichokuwa kimepanda kutoka kwenye mizizi kilibaki ndani.

"Mama, leo umeupata wapi mnono hivi?" Mwanamvua aliuliza.

"Umenikaribisha wenyewe," Semeni akamjibu. "Kunywa, mwanangu, mtoto anasubiri."

Mwanamvua akanywa, na siku zile za mwanzo maziwa yakaja kweli. Semeni alifurahi. Wachumaji wenzake walipokiona kikapu chake kimejaa katika kiangazi kile walimuuliza siri, naye hakuwa mchoyo. Aliwapeleka bondeni akawaonyesha: unabisha hodi, unabadilisha sauti, unajiitikia, unaingia. Waliangua kicheko. Kila mmoja alijaribu sauti yake. Kuanzia hapo asubuhi zote bonde lilijaa hodi na karibu, hodi na karibu, na sauti zote zilikuwa za watu. Mjini walipokula mafungu yale matumbo yakawasokota, wakawalaumu samaki wa mto.

Mwanamvua alianza kwa kusema kwamba mdomo una ladha ya msumari. Kisha akatapika. Kisha miguu ikavimba, maziwa yakapungua, na ngozi yake ikapauka hata weupe wa macho ukabadilika. Semeni alipoona binti anadhoofika alifanya alilojua: alimwongezea mboga. Bakuli moja likawa mawili, mawili yakawa matatu. Alishuka bondeni alfajiri na jioni. Mkono wa mama ndio uliokuwa ukimlisha, na kadiri alivyozidi kuugua ndivyo mkono ule ulivyozidi kulisha. Hapo mimi huwa nashindwa, jamani. Nimeisimulia miaka mingi na hapo bado nashindwa.

Siku ya thelathini na moja jirani yao, mwanamke aliyeitwa Chiku, alikuja kumwogesha mtoto. Alimtazama mzazi kwa muda mrefu, kisha akaifunua sufuria iliyokuwa jikoni akainusa.

"Mama Mwanamvua," alisema, "mboga hii inatoka wapi?"

"Bondeni."

"Chini ya mashimo ya ngozi?"

Semeni akaifunika tena sufuria.

"Na iliitika?" Chiku akauliza.

Semeni, aliyeweza kuiga sauti ya kila mtu, aliitafuta yake mwenyewe akaipata kwa shida. "Niliitika mimi," alisema.

Chiku hakumtukana. Aliibeba sufuria kwa kitambaa, akaenda kuimwaga ndani ya shimo la choo, akarudi akaivunja kwa jiwe. Akaagiza maziwa ya mbuzi kwa ajili ya mtoto. Kisha akamwambia Semeni aende mlimani akatafute mboga ya kweli, iliyo safi, hata majani matano, na yeye Chiku atakaa na mgonjwa.

Semeni alipanda mlima akikimbia. Alipita kila mahali alipowahi kung'oa, na kila mahali alikuta tundu alilolifanya mwenyewe. Jua lilikuwa utosini alipouona mchunga mmoja uliokuwa umeota katikati ya mawe mawili makubwa. Ulikuwa umepona kwa sababu mizizi yake ilibanwa pale, na hakuna aliyeweza kuung'oa. Semeni alisimama hatua mbili mbali nao. Pumzi ilikuwa imemwishia.

"Hodi," alisema. Mchunga haukuitika.

"Hodi," alisema tena, na machozi yalikuwa yakimtoka. Kimya.

"Hodi, nakuomba. Mwanangu anakufa."

"Nakusikia, Semeni," mchunga ulisema.

"Basi niitikie! Neno moja tu, nichume niende."

 Mchunga ukasema, bila hasira, "Nikikuitikia sasa, utajuaje kama ni mimi?"

 Kweli angejuaje? Karibu za bondeni zote zilikuwa zake, na masikio yake yalikuwa yameshazoea kuzisikia kama za mboga. Alingoja. Mchunga haukuongeza neno, wala hakuna mboga nyingine iliyowahi kusema na binadamu baada ya hapo. Aligeuka akateremka na kikapu kitupu. Bibi yangu aliamini kwamba mchunga ule ulikuwa safi kabisa. Mizizi yake ilikuwa juu mlimani, mbali na mashimo. Angeuchuma ungekuwa salama, ila hakukuwa na namna tena ya yeye kulijua hilo, na safari hii aliogopa. Kama ungemponya Mwanamvua, sijui. Labda ilikuwa imeshachelewa. Mimi hupenda kuamini kwamba ilikuwa imeshachelewa.

Alifika nyumbani alasiri. Mlango wa chumba cha mzazi ulikuwa umerudishwa. Kwetu hata mama haingii chumba cha binti yake mzazi bila kubisha, kwa hiyo alisimama kizingitini akasema, "Hodi."

"Karibu," sauti ikajibu kutoka ndani. Ilikuwa sauti ya Chiku.

Chiku hakuwa na nia mbaya. Alifanya kile ambacho jirani hufanya. Lakini Semeni hakusogea.

"Nyamaza, Chiku," alisema. "Mwache aitike mwenyewe."

Ndani hakukuwa na sauti, isipokuwa ya mtoto aliyekuwa akinyonya kitambaa kilicholowekwa maziwa ya mbuzi.

"Hodi, mwanangu," Semeni alisema mara ya pili. Na mara ya tatu alisema polepole, kama mtu anayeogopa kumaliza. Kisha, kwa kuwa ni mara tatu na hakujibiwa, aligeuka. Alitembea hadi katikati ya ua akaketi chini, mgongo ukiuelekea mlango, na ilibidi wanawake wanne wamshike mikono kumwingiza akamwone binti yake kabla ya kuoshwa.

Mtoto aliishi. Yule mtoto wa maziwa ya mbuzi ndiye bibi wa bibi yangu. Alilelewa na Semeni mwenyewe, na watu wanasema hakuwahi kumsikia Semeni akiiga sauti ya mtu, wala akicheka kwa nguvu. Wachumaji waliacha kwenda bondeni. Wakarudi mlimani mvua ziliponyesha, wakabisha hodi kwa adabu zote, lakini mboga zilikuwa zimenyamaza. Safi zilinyamaza, chafu zilinyamaza, zenye sumu zilinyamaza kama zilivyokuwa zikinyamaza tangu mwanzo. Hazikutuchukia, nadhani. Zilichoka tu kuwa na neno ambalo kila mtu angeweza kulisema kwa niaba yao.

Na tangu siku hiyo watu wa kwetu hawamwitikii mtu hodi ya nyumba isiyo yao. Mkija kwangu mkanikosa, jirani yangu atawaambia, "Mwenyewe hayupo," na mtamwona mkavu, mtasema watu wa huku hawana ukarimu. Mwacheni. Anajua analolifanya.

Na tangu siku hiyo kuchuma kumekuwa kazi ya macho na ya kuuliza. Neno lililotoka mara moja sasa tunalitafuta nusu siku. Ndiyo maana leo nitawachosha. Nitawauliza maji ya mfereji huu yanatoka wapi na yamepita kwa nani. Nitawakataza mchicha wa kando ya barabara hata ukiwa umenona, na hasa ukiwa umenona kiangazi, wakati wenzake wamekauka. Pale palipokuwa dampo hamtachuma, hata kama nyasi zimepafunika na watoto wanapachezea mpira. Mtu mwenye shamba tutamwendea kwanza, tumwulize anapuliza dawa gani na lini. Jani usilolijua usilitie kikapuni kwa sababu linafanana na unalolijua. Mwite mwenzako alitazame, naye akiwa na shaka mliache wote wawili. Mtakata ncha na kuacha shina. Nikimwona aliyeng'oa mizizi, arudi mjini na miguu yake. Na hata baada ya yote hayo hamtakuwa na uhakika waliokuwa nao wale waliosikia. Mtakuwa na uangalifu tu, ndio tuliobakiwa nao.

Mkifika chini mtaniona nasimama hatua mbili kabla ya kila mmea nikibisha hodi. Mara ya kwanza naangalia udongo, ya pili naangalia majani, na ya tatu naangalia juu huko maji yanakotoka. Sijawahi kujibiwa, wala sitarajii, ingawa sitawadanganya, sikio langu bado hutega. Nichekeni mkitaka, mimi si mwepesi wa kukasirika. Ila nawaomba jambo moja. Mtakaponisikia nimebisha na pale pamekaa kimya, asitokee hata mmoja wenu, hata kwa utani, akaniitikia.